Sogea Wapi?

Picha iko mezani mbele yangu ninapoandika. Nyigu amekaa kwenye ukingo wa kiota chake, ameinua miguu ya mbele kama mtu anayenawa uso. Ni picha ndogo, inaenea kwenye kiganja. Kwenye kona ya chini, kwa wino mwekundu, kuna neno moja: Sogea. Hakuna hata nukta.

Ninamwandikia mzazi yeyote mwenye mtoto anayefundishwa kazi na mtu mwenye sifa. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo usitegemee maneno ya kitaalamu. Lakini Kiswahili ninakijua, na neno hili ninalijua tangu nikiwa natambaa. Anayekukaribisha kwenye benchi anakuambia sogea. Anayetaka umpishe na sufuria yake ya maji ya moto naye anakuambia sogea. Neno ni lile lile, ila lina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea. Mwanangu aliingia kwa ule wenye nyigu.

Yeye ni kitinda mimba wangu, ana miaka kumi na tisa. Pale karakana ninaposhona sare za shule wanamwita Jicho, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Alipokuwa mdogo alikuwa akinipitia akitoka shule. Sindano ikidondoka katikati ya vyerehani sita na vipande vyote vile vya vitambaa, sisi watu wazima tunapapasa na sumaku, yeye anasimama mlangoni na mkoba wake mgongoni anasema, "Ile pale, karibu na kidole gumba cha Mama Vifungo." Mama Vifungo ni mwenzangu anayeshona vifungo, na mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Ndiye aliyempa jina.

Kaka yake alipomwachia simu ya zamani, Jicho alitoa kioo kidogo kwenye darubini iliyovunjika, akakifunga mbele ya kamera kwa lastiki ya kiunoni niliyomkatia mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikajaa wageni wa miguu sita. Chungu na punje yake ya sukari. Inzi akisugua mikono kama mwizi anayepanga kazi. Tone la maji kwenye jani, na ndani ya lile tone dirisha letu, limepinduka, paa chini na ua juu.

Ananiletea, ninasema nzuri. Nilisema nzuri nikiwa na pini mdomoni, nikasema nzuri nikiwa nahesabu makunjo ya sketi. Shikilia hapo, nitarudi.

Mwalimu wa picha ana studio ya kupiga picha za vitambulisho karibu na maktaba. Watu humwita Bingwa, maana zamani alishinda shindano, na cheti chake kiko ukutani ndani ya fremu kubwa kuliko picha iliyoshinda. Kila Jumamosi anafundisha vijana kwenye chumba cha nyuma, kupiga wadudu na maua kwa karibu. Picha zao zinaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Yeye anapita mikono nyuma, kalamu nyekundu kati ya vidole, na kila picha anaiandikia neno moja tu. Wanafunzi wanaita kupigwa wino.

"Mwenye jicho, neno moja linamtosha," huwa anawaambia. "Asiye na jicho, hata kitabu kizima hakitamsaidia."

Unaona jinsi lilivyo tamu? Mimi pia nililipenda nilipolisikia mara ya kwanza. Nikajua binti yangu amepata mwalimu.

Picha ya kwanza ilirudi na neno Kelele. Ilikuwa ya panzi. Tuliizungusha karakana nzima, na Mama Vifungo akaiweka sikioni.

"Mimi sisikii kitu," alisema. "Labda amenyamaza kwa kuwaheshimu wageni."

Tulicheka. Jicho hakucheka. Ilimchukua wiki mbili kugundua kwamba kelele ni vile vitu vingi nyuma ya panzi, majani na kamba ya nguo na shati la jirani, vinavyomgombea mtazamaji. Wiki mbili, kwa jambo ambalo lingesemwa kabla uzi haujaingia kwenye sindano.

Picha ya pili ikaja na neno Lala. Hilo alilipatia siku ile ile. Alilala kifudifudi kwenye mtaro nyuma ya nyumba hadi simu ikawa usawa wa macho ya konokono. Alirudi na tope mpaka kwenye nyusi, na Jumamosi iliyofuata Bingwa akamwandikia Ndiyo. Hapo ndipo alipojifunza vibaya. Alijifunza kwamba neno la Bingwa ni amri, na ukilitii kwa mwili wako wote unapata Ndiyo.

"Kwa nini usimuulize anapokuandikia?" nilimwambia.

"Mama, aliyeuliza alitolewa nje. Alikaa kwenye benchi na watu wanaosubiri picha za vitambulisho, sisi tunamwona kwenye upenyo wa pazia."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza Imekufa maana yake nini."

Nilitikisa kichwa, nikaendelea na kola yangu. Ninaikumbuka kola ile.

Sasa nyigu. Nyuma ya vyumba tunavyopanga kuna jukwaa la tangi la maji, na chini ya mbao zake nyigu wamejenga. Jicho alipanda kwenye kigoda, akawapiga picha akiwa mbali kiasi cha mkono ulionyooka, asubuhi, jua likiwa nyuma yake. Hawakumfanya kitu. Jumamosi hiyo alirudi akikimbia, akasimama mlangoni akihema.

"Mama, leo amesimama. Bingwa huwa hasimami, anapita tu. Leo amesimama mbele ya nyigu wangu mpaka wenzangu wakageuka."

"Akasema nini?"

"Kaandika Sogea. Wiki ijayo anachagua picha za kutundikwa maktaba. Nikisogea tu, imo."

"Usogee wapi?"

Niliuliza. Mungu ni shahidi yangu kwamba niliuliza. Akanitazama kama ninavyotazamwa na watoto wangu nikishika simu zao.

"Karibu, mama. Wapi tena?"

Picha aliishikilia mbele ya uso wangu. Nilikuwa nimeleta kazi nyumbani, mguu uko kwenye pedali, mkono kwenye kitambaa. Niliitupia jicho, nikasema, "Nzuri. Angalia usianguke kwenye hicho kigoda." Nilikiogopa kigoda. Mimi ninayeogopa kila kitu, ninayeamka kukagua kama jiko limezimwa, siku hiyo nilikiogopa kigoda.

Jumatatu asubuhi fundi bomba alikuwa akibadilisha koki kwenye ua wetu. Ndiye aliyemsikia Jicho akipiga mayowe chini ya tangi. Alimfunika Jicho gunia lililolowa, akamburuta hadi bafuni, na yeye mwenyewe akachomwa shingoni mara nne. Alinipigia simu karakana, nikaiacha mashine ikizunguka.

"Mama, nilimwona kabla," aliniambia hospitali, shingo yake imevimba kama shati lililojazwa pamba. "Alikuwa karibu kiasi cha kuwapulizia. Nikadhani anajua anachofanya."

Kila mtu alidhani.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Alichukua karatasi akachora duara, ndani yake akachora duara lingine, akaweka nukta. "Mmoja amemchoma kwenye kope, hilo litapona. Mwingine amemchoma hapa, kwenye kioo cha jicho lenyewe, na sumu imeingia. Dawa hii kila baada ya saa mbili. Hii usiku. Asilalie upande wa kulia."

"Ataona?"

"Tutajua bandeji ikitoka. Wiki mbili. Sitaki nikudanganye kwa upande wowote."

Nilikunja karatasi ile nikaiweka kwenye mkoba. Ninayo mpaka leo, pamoja na picha. Nikiziweka pamoja mezani, damu inapanda upya.

Jumamosi nilivaa aproni yangu ya kazi, sikubadilisha, nikaenda studio. Wanafunzi saba walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, picha kwenye kamba, Bingwa anapita na kalamu yake.

"Shikamoo mama," vijana walisema. Nikaitikia marahaba, maana wao hawakunikosea.

"Karibu, mama, kaa," Bingwa alisema. "Nimesikia habari za binti. Nimesikitika."

"Sikuja kukaa, mwalimu." Nikamwekea picha mkononi. "Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Neno hili lina maana gani?"

Alitabasamu kidogo, tabasamu la kumtuliza mteja. "Mama, hapa tuna lugha yetu. Wanafunzi wangu wote wanaielewa."

"Basi vizuri. Tuwaulize."

"Mama, kuna darasa."

"Ndilo ninaloliuliza."

Nikamfuata wa kwanza, msichana mwenye miwani, nikamwonyesha picha. Akaitazama, akamtazama mwalimu, akasema kwa sauti ndogo, "Sogea karibu na mdudu." Kijana wa pili akasema, "Mimi ningesogea nyuma, kiota kionekane chote." Wa tatu akasema si mpiga picha anayesogea, ni nyigu asogee kwenye picha, asikae katikati kama sanamu. Wa nne akasema karibu. Wa tano akasema hajui, akaomba asitolewe nje. Kuna aliyecheka, kisha akakumbuka nimekuja na habari gani, akafunga mdomo.

"Umesikia, mwalimu? Neno lako moja limezaa watoto watatu na yatima mmoja. Sasa baba yao atuambie. Ulimaanisha nini?"

Bingwa aliisogeza picha kwenye taa. Aliitazama kwa muda, na nikaona anaitazama kweli.

"Kivuli," alisema. "Jua lilikuwa nyuma yake. Kivuli cha kichwa chake kimeangukia mgongo wa nyigu, rangi imezimika. Nilitaka asogee pembeni, jua lipite."

"Pembeni."

"Ndiyo."

"Hatua ngapi?"

"Moja. Hata nusu."

Sijui kama umewahi kukasirika hadi ukawa mtulivu. Nusu hatua ya pembeni. Mwanangu angebaki mbali kiasi cha mkono ulionyooka, nyigu wakiendelea na shughuli zao, jicho lake likiwa kichwani mwake jinsi nilivyolizaa.

"Angeuliza," Bingwa alisema. "Mtu asipoelewa si huuliza?"

"Tukiuliza unatutoa nje," alisema yule wa tano. Alisema akitazama viatu vyake, lakini alisema.

Kibanio kimoja kiliachia, picha ya kereng'ende ikaanguka chini, na hakuna aliyeinama.

"Mimi ni mshonaji, mwalimu," nilimwambia. "Aliyenifundisha kazi alikuwa na mdomo wa kisu. Alinitukana mpaka nikawa ninalia ndani ya mkono wa shati nililokuwa nikishona. Lakini katika matusi yake yote hakuniambia 'mbovu' akaondoka. Alichora chaki. Hapa bega linaning'inia, ingiza nusu sentimita, ukiacha hivi mtoto akiinua mkono shati lote linapanda. Mahali, kiasi na sababu. Nimekaa kwenye mashine miaka ishirini kwa sababu ya chaki ya yule mama. Wewe ulikuwa na kalamu nzima."

Nikatoa chaki kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa ya bluu. "Chora kivuli kilipo."

"Mama, picha itaharibika."

"Kuna kilichoharibika zaidi."

Akachora. Mkono wake ulikuwa na adabu, alizungushia mgongo wa nyigu taratibu, kisha akaweka mshale kuelekea kushoto.

"Sasa andika nyuma. Kana kwamba binti yangu amesimama hapa na wewe humjui mama yake."

Akaandika. Ninanakili hapa jinsi ilivyo: Kivuli cha kichwa chako kimefunika mgongo wake. Sogea kushoto nusu hatua, usimkaribie, umbali huu unatosha. Jicho lake limetoka safi, hata vinyweleo vinahesabika. Sijaona hivi kwa simu.

Haikumchukua hata dakika moja. Nilikuwa nikitazama saa ya ukutani juu ya cheti chake.

Nilisoma mstari wa mwisho mara mbili. "Hili la jicho limetoka safi, ulikuwa unalijua wiki iliyopita?"

"Ndiyo maana nilisimama."

"Na hukumwambia."

"Nilidhani ameona kwamba nimesimama."

Nikachukua picha nikaondoka, maana kilichokuwa kinataka kunitoka mdomoni kisingefaa mbele ya watoto wa watu.

Nyumbani Jicho alikuwa amekaa kitandani, nusu ya uso imefungwa. Nilimsomea. Nilidhani atafurahi. Aligeukia ukutani.

"Umeenda na aproni," alisema.

"Nimeenda na aproni."

"Mbele ya watu wote."

"Wote saba. Mmoja wao nusura nimkumbatie."

Kisha akasema maneno ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya nishike kalamu. "Na wewe, mama? Wewe uliiona ile picha. Hukuona kivuli?"

"Mimi najua nini kuhusu picha, mwanangu?"

"Unajua kivuli. Ukishona karibu na dirisha si huwa unanifukuza, unasema ninakukingia mwanga? Kila siku unaniambia sogea, na ninajua ni pembeni kwa sababu unanisukuma na kiwiko." Akavuta pumzi. "Wewe kila kitu nzuri. Hata ile ya kelele ulisema nzuri. Ningekuaminije ukisema ni mbaya, hujawahi."

Nilitaka kumjibu kama mama anavyojibu. Lakini alisema kweli. Bingwa alimpa mwanangu neno moja kwa majivuno. Mimi nilimpa neno moja kwa uvivu, nikaliita upendo. Ukiyapima, sijui ni lipi lililomsukuma juu ya kigoda. Mzazi, hilo ndilo onyo langu, na linanihusu kabla halijakufikia. Usimuulize mtoto "mwalimu amesemaje" ukatosheka na neno. Muulize wapi, kiasi gani, kwa nini. Na akikuletea kazi yake, ondoa mguu kwenye pedali.

Bandeji ilitoka siku ya kumi na nne. Jicho la kulia linaona mwanga. Linaona vidole vyangu vikiwa vitatu au vinne, linaona uso wangu kama uliochorwa kwenye kioo cha bafuni chenye mvuke. Uzi halioni. Daktari anasema huenda likapanda kidogo, huenda likabaki hapo, na akachora tena kwenye karatasi. Hilo la kulia ndilo alilokuwa akitazamia nyuma ya simu yake, la kushoto amelifumba.

Simu aliitia kwenye droo yangu ya nyuzi. Siku tano sikuigusa, wala yeye. Karakana sindano ilidondoka, Mama Vifungo akafungua mdomo kuita "Jicho", akaufunga. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akifunga mdomo mwenyewe. Tulipapasa na sumaku.

Siku ya sita nilikuta droo wazi. Jioni alikuja, akasimama upande wa dirisha, nikasema sogea, na yeye hakusogea. Kisha nikasema, "Sogea kulia kwako, hatua moja, unanikingia mwanga." Akasogea. Akanipa simu.

"Nimepiga kwa jicho la kushoto," alisema. "Usiseme nzuri."

Ilikuwa picha ya chungu amepanda juu ya chaki yangu ya bluu. Nilizima mashine. Nikavaa miwani, nikaikuza kwa vidole jinsi alivyonifundisha, nikaitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama picha yoyote, pamoja na ya harusi yangu.

"Kichwa kimetoka vizuri, hata meno naona," nilisema. "Unga wa chaki kwenye miguu, huo umenifurahisha, uuache hivyo hivyo. Lakini huku nyuma kuna kitu kimetikisika."

"Huku wapi?"

"Mguu wa mwisho, wa kushoto. Kama vile una miguu miwili ndani ya mmoja. Mkono wako ulichoka?"

"Nilikuwa nimesimama bila kuegemea."

"Basi egemea. Weka kiwiko mezani kama ninavyofanya nikitunga uzi."

Akachukua simu, akatazama mguu ule, akaukaribia na jicho lake zima. "Kweli," alisema. "Umetikisika." Hakutabasamu, lakini alivuta kigoda, kile kile, akaweka kiwiko kwenye meza yangu.

Hapo simu yangu ikalia. Ni ujumbe wa Bingwa, wa kwanza tangu siku ile. Niliufungua. Ulikuwa umeandikwa: Pole.

Nilimwonyesha Jicho. Alicheka mpaka machozi yakatoka kwenye macho yote mawili, na kwa mara ya kwanza nikaona hayana tofauti.

Mimi sikucheka. Nilimwandikia: Pole ya nini, mwalimu? Eleza.

Kioo cha simu kikaonyesha anaandika. Kikaacha. Kikaonyesha tena anaandika. Nimeiweka simu hapa mezani, kati ya picha ya nyigu na mchoro wa daktari, na sina haraka. Safari hii ninataka maneno yote.